Dar inaboa au ina raha? Kazi nimepata, mke wangu anataka jibu

Mwana wa Kifanya:

Wakuu, salaam. Kamwene kwa wale wa nyumbani.

Mimi niko Njombe mjini, umri miaka 31, nina mke na mtoto wa miaka mitatu. Nimekuwa mtunza stoo kwenye ghala la mbolea na mbegu kwa miaka sita. Mwezi uliopita nimepigiwa simu, kuna nafasi kwenye ghala la Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere, karibu na Tazara. Mshahara ni huu wangu na nusu yake juu. Wananitaka Septemba.

Shida si kazi. Shida ni swali aliloniuliza mke wangu tukiwa tunamenya viazi: "Huko Dar watu wanaishije siku ya kawaida? Sio Krismasi. Jumanne." Nikakosa jibu. Dar nimefika mara mbili tu. Mara ya kwanza msiba, nililala Mbagala usiku mmoja, nilichokiona ni turubai, makaburi na jasho langu mwenyewe. Mara ya pili semina ya siku tatu, tulilazwa Sinza, jioni nikatembea hadi Mlimani City nikanunua aiskrimu, nikarudi kulala. Huko ndiko kuijua Dar kwangu.

Nikiuliza watu napata majibu mawili. Shemeji yangu yuko Kinondoni, yeye anasema unachelewa, mjini raha. Binamu yangu alikaa Kimara miaka minne, sasa amerudi Makambako kafungua duka la misumari na mabati. Yeye anasema Dar inaboa kuliko Makambako. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Miaka minne nimekaa Dar, bahari nimeiona mara tatu."

Hilo la bahari limenikaa kichwani. Maana huku mimi natoka kazini saa kumi na moja, na dakika ishirini baadaye niko nyumbani kwa miguu, sweta mwilini, mtoto begani, tunachungulia maparachichi ya jirani. Na sisemi Njombe ni burudani. Saa mbili usiku mji umeshajifunika blanketi, Julai ndiyo usiseme, na kama si mtu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, huna pa kwenda. Kuna Jumapili natamani hata mbuzi wa mtu aingie kanisani nipate cha kusimulia.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar. Mkoa wetu mzima hatukufika laki tisa. Haiwezekani watu milioni tano wote wamekaa mahali panapoboa, na haiwezekani wote wana raha. Kwa hiyo nawauliza mnaoishi, si mnaokwenda kutembea: Jumanne ya Dar ikoje?

Mzee wa Kibamba:

Mkuu, Jumanne yangu hii hapa, ya juzi tu.

Saa kumi na robo alfajiri nimeamka. Saa kumi na moja kasoro niko kituoni, na gari zinazotoka Kibaha zimeshajaa, konda ananing'inia mlangoni kama nguo ya kuanika. Kwa hiyo nageuza na gari. Hujui hiyo? Unavuka barabara, unapanda gari linaloelekea kule kusiko kazini kwako, unalipa nauli, unakwenda nalo hadi mwisho wa safari, unabaki kwenye siti, linageuza, unalipa tena. Nauli mbili ili ukae. Nikifika Kimara napanda basi la mwendokasi nimesimama hadi Kivukoni. Saa moja na nusu naingia ofisini nikiwa nimeshafanya kazi ya siku moja.

Jioni natoka saa kumi na moja. Siku nzuri nyumbani ni saa mbili. Siku ya mvua ni saa nne. Mwanangu wa mwisho aliota meno ya mbele Jumatatu, nikayaona Jumapili.

Wamepanua Kimara hadi Kibaha, njia nane. Ubungo pakajengwa barabara za juu, zikafunguliwa 2021, tukashangilia. Magari nayo yakashangilia, yakazaana. Binamu yako hajakudanganya. Bahari iko hatua chache kutoka ofisini kwangu, nasikia honi ya kivuko nikiwa mezani, na sijakanyaga mchanga tangu mwaka juzi. Jiji lenyewe haliboi. Ila mimi nalipitia tu.

Dogo wa Sinza:

Mzee wa Kibamba wewe unaishi mkoa wa Pwani kimyakimya halafu unasingizia Dar.

Mkuu wa Njombe, shuka mjini. Jumanne yangu: kazi natoka saa kumi na mbili, saa moja niko kijiweni Afrika Sana, chipsi mayai na kachumbari, kama kuna Ligi ya Mabingwa tunaingia kibanda umiza cha kuonyesha mpira, mia tano unabishana na watu usiowajua mpaka sauti inakauka. Jumapili Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju, buku mbili umeshiba, bahari ya bure. Mtaani ikipigwa singeli hata mwenye madeni anaruka. Kuboa kunatokea wapi hapo?

Wanaoboeka ni wenye nyumba zao. Sisi wapangaji tuko bize na maisha. (Kodi yangu inaisha Oktoba, mwenye uwezo wa kunikopesha anifuate faragha.)

Wa Nzuguni:

Mimi nilikuwa Dar nikiwa mtumishi, Serikali ilipohamia Dodoma nikaja nayo 2017. Kule nilikuwa nalaani foleni kila siku ya Mungu. Hapa natoka kazini saa tisa na nusu, saa kumi niko nyumbani. Muda ninao mpaka nausogeza kwa mguu. Sina pa kuupeleka. Wiki ya kwanza nilipaka rangi geti. Wiki ya pili nikalipaka tena.

Tangu treni ya SGR ianze 2024, Ijumaa jioni ukiingia behewani unakuta nyuso zilezile, wahamishwaji wenzangu, tunakwenda Dar kukaa kwenye foleni kwa hiari yetu. Sina la kuongeza.

Mama Cherehani:

Mdogo wangu wa Njombe, na mkeo aliyeuliza swali la maana. Nimesoma wote, naona mmoja kakuelezea barabara, mwingine kijiwe, wa tatu geti. Mimi nakuelezea nyumba.

Ni fundi wa nguo. Nimezaliwa Kilosa, nimeingia Dar 2003, nikafikia kwa shangazi Magomeni, nyuma ya kituo cha Mapipa. Nikaolewa palepale, 2006 mimi na mume wangu tukapanga chumba mtaa wa pili, tukakaa miaka kumi na minne. Nyumba ni zile za Kiswahili. Mlango wa mbele, ukumbi umepita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma ua wenye choo, bafu na kibanda cha kupikia, mbele baraza la saruji. Vyumba sita, familia sita, mita ya umeme ya Luku moja.

Jumanne ya nyumba ile ilianzia kwenye ufagio. Zamu za kufagia ua ziliandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo. Mama wa chumba cha nne zamu yake akiukuta ua mchafu alifagia saa kumi alfajiri, makusudi, ufagio wa chelewa unakwaruza saruji, krr, krr, mpaka aliyezembea jana ageukie ukutani kwa aibu. Baada ya ufagio, adhana. Baada ya adhana unasikia mafuta yanachachatika barazani, maana Mama Vitumbua alikuwa chumba cha kwanza na baraza ni lake hadi saa tatu. Saa tatu anainua chuma chake cha vitumbua, anamwaga maji, anasugua mafuta kwa majivu. Mimi naweka cherehani palepale. Navua ndala. Saruji bado ina joto la jiko, na nimekanyaga pedali miaka yote ile nyayo zikiwa kwenye joto la vitumbua vya mtu mwingine.

Sikumbuki siku niliyoboeka pale. Na sina maana palikuwa na starehe, starehe gani? Ni kwamba mambo yalikuwa yananijia yenyewe, mimi nimekaa. Mteja analeta kitenge cha sare ya shughuli, ananinong'oneza nimpe mwenzake kiuno kipana asipendeze sana. Baada ya saa moja anakuja huyo mwenzake, na ombi hilohilo. Saa kumi jioni muuza kahawa anapita anagonga vikombe, wazee wanasogea na kashata zao, unapata habari za bandarini, za Ilala, za mtu aliyefariki Tandika asubuhi hiyo, kabla redio haijasema lolote. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere iko hapohapo Mtaa wa Ifunda, sasa ni makumbusho, wageni wanashuka kwenye mabasi kuja kuiangalia. Mimi nimepita mbele yake miaka yote hiyo na sijaingia hata siku moja. Binamu yako na bahari yake asijione mkosaji.

Siku ya Simba na Yanga ukumbi wetu ulikatika vipande viwili. Kuna mwaka mume wangu, mtu mzima, mfanyakazi wa bandarini, mwenye watoto, alianua jezi ya jirani kwenye kamba akaizamisha ndani ya pipa tupu la maji, akaweka kifuniko, mpaka mechi ikaisha. Wakanuniana. Luku ikakata ndani ya siku hizo za kununiana, na kwetu utaratibu ulikuwa kila chumba kinatoa sawa, chenye friji kinatoa mara mbili. Safari ile hakuna chumba kilichokubali kuwa cha kwanza kutoa. Tukakaa gizani siku mbili, familia sita, kwa sababu ya jezi. Friji ikaoza samaki, harufu ndiyo iliyotupatanisha.

Ubaya pia nakwambia. Asubuhi choo kina foleni, kila mtu na ndoo yake, na mwenye tumbo la kuendesha hana kinga. Ngoma ya kigodoro ikiwa mtaani wanafunga njia kwa turubai, spika kama kabati imeelekezwa dirishani kwako hadi alfajiri. Na bonde la Msimbazi. Mvua za masika zikikaza, Jangwani panafungwa, na ukiwa ng'ambo ya Kariakoo Magomeni unaiona kwa macho ila huifikii. Jioni moja nilikuwa nimechukua mzigo wa vitambaa Mtaa wa Kongo, maji yakawa yameshapanda juu ya lami. Nikazunguka kwa miguu, Muhimbili, Daraja la Salenda, Kinondoni, furushi kichwani limefungwa kwa nailoni. Nimefika saa nne usiku. Nikakuta chumba cha nne wamewalisha wanangu na kuwalaza. Yuleyule wa ufagio.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mjini ukipanga muda mrefu watu wanakuuliza "bado?" kama vile una mimba iliyochelewa. 2009 tukanunua kiwanja Chanika. Tukajenga kama watu wanavyojenga, mwaka huu msingi, mwaka ule tofali, mwaka wa msiba hakuna kitu. 2020 tukahamia. Vyumba vitatu, choo ndani, tangi la maji, ukuta, geti. Usiku wa kwanza nililala kama bibi harusi. Siku ya nne nikatoka kukaa barazani. Maana baraza nilimlazimisha fundi aliweke, yeye alikuwa anataka nguzo mbili za mapambo. Nikakaa, nikanyoosha miguu, nikainua macho. Linatazama ukuta wangu mwenyewe. Nikakaa hapo mpaka magharibi nahesabu tofali nilizozilipia.

Majirani wa kule nawajua kwa mageti. Geti la bluu, geti jeusi, geti lenye simba wawili. Mwaka wa kwanza nilijua majina ya mbwa wao kabla sijajua yao, kwa sababu mbwa ndio wanaoitwa kwa sauti. Siku moja wali uko jikoni, chumvi hakuna. Magomeni ningenyoosha mkono tu dirishani. Chanika nimeita bodaboda, elfu moja kwenda na kurudi, kufuata chumvi ya mia tano. Kijana wa bodaboda akanipa pole kana kwamba nimefiwa.

Cherehani nilihama nayo. Mwezi mzima nilipata wateja watatu, wote suruali za kupunguza. Mwezi wa pili nikaikodia kigari cha kirikuu, nikairudisha Magomeni kwenye baraza lilelile. Mama Vitumbua bado yupo. Kwa hiyo sasa nalala Chanika na naishi Magomeni. Natoka saa kumi na moja alfajiri, nabadili gari Gongo la Mboto, nabadili tena Buguruni, saa mbili nanusa mafuta. Mume wangu ananicheka, eti napanda gari tatu kufuata kelele. Ndiyo, nafuata kelele.

Na siko peke yangu. Pale Magomeni Kota, wale wa kaya 644 waliobomolewa nyumba za zamani, Serikali iliwajengea maghorofa wakakabidhiwa 2022. Mazuri, nayasifu, yana lifti. Nina mteja ghorofa ya tano. Kila jioni anashuka na kigoda chake mkononi, anakaa chini karibu na lango, anachambua mchicha. Nikamuuliza mbona huchambulii juu kuna upepo? Akasema juu kuna upepo tu.

Kwa hiyo mwambie mkeo akija kuangalia chumba asitazame vigae. Akae kwenye baraza, atazame linaelekea wapi na nani anapita. Na wewe, kazi ikiwa Tazara, pangeni Kiwalani, Vingunguti, Buguruni au Tabata, uende kwa mguu au gari moja, usiwe kama huyu mzee wa Kibamba masikini. Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba atataka ya miezi sita mkononi. Kabla hujatoa hela uliza mambo mawili: mita ya Luku mnachangia wangapi, na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Usimuulize dalali. Muulize mwanamke anayefua uani.

Goba Kontena:

Dada yangu, heshima yako, umeandika vizuri mpaka nimetamani vitumbua. Lakini unampeleka kijana wa watu shimoni.

Nimekaa Manzese miaka tisa, nyumba ya aina hiyohiyo. Nimeibiwa simu tatu, moja ikavutwa dirishani kwa fimbo yenye ndoano nikiwa nimelala, mkono wangu uko juu yake. Mke wangu katoka hospitali na mtoto wa siku mbili, mtaani kuna shughuli, spika hadi saa kumi na moja alfajiri, nikaenda kuwaomba wapunguze, wakanitajia jina langu kwenye kipaza sauti. Hiyo ndiyo raha? Sasa niko Goba. Asubuhi nasikia ndege. Watoto wanaendesha baiskeli ndani ya uzio. Jumamosi nalala mchana na sina wa kuniuliza mbona nimelala mchana.

Kimya si kuboa. Nyinyi mmezoea kelele mpaka mkiikosa mnadhani mmekufa.

Mama Cherehani:

Mwenye Goba, kwenye watoto hapo umenikamata, sibishi. Wangu wa mwisho amekulia kwenye spika, Chanika mwezi wa kwanza alikuwa anaamka usiku kwa sababu ya kimya. Na binti yangu mkubwa Magomeni hataki hata kuisikia. Anasema Chanika ndiko alikopata meza. Magomeni alisomea kitandani, wadogo zake miguuni, wimbo wa chumba cha tatu unaingia kupitia dari, maana kuta zile hazifiki juu. Kidato cha nne kafanyia Chanika, kafaulu, sasa yuko chuo Morogoro. Hilo ni la nyumba ya Chanika na nguvu za baba yake, siwezi kuliiba nikaipa Magomeni.

Ila nikuulize. Jirani yako wa kulia anaitwa nani?

Goba Kontena:

Ana Noah nyeupe.

Dogo wa Sinza:

Nimecheka mpaka konda kanirudishia chenji kamili.

Mzee wa Kibamba:

Na mimi wangu wa kushoto ana mbwa anaitwa Simba. Mama Cherehani umeniharibia jioni.

Mwana wa Kifanya:

Wakuu nimesoma yote, na mke wangu kayasoma juu ya bega langu, mengine kayarudia kwa sauti. Ile ya chumvi kaipeleka hadi kwa jirani.

Tumeamua hivi. Agosti tunashuka wiki moja, mtoto anabaki kwa bibi yake. Mjomba wa mke wangu yuko Kiwalani, nyumba ya vyumba sita, choo uani, tumempigia kumuuliza Luku wanachangia wangapi, akashtuka tumejuaje. Nitaamka kila siku niende Tazara kwa mguu, nisimame nje ya lile ghala, nirudi jioni, kana kwamba kazi nimeshaianza. Mke wangu atakaa barazani. Jumanne usiku tunalinganisha. Mzee wa Kibamba, hiyo ya kugeuza na gari nilidhani utani, shemeji kasema hata yeye amewahi kulipa mara mbili. Samahani kwa kucheka.

Mke wangu ana mawili kwa dada wa Magomeni. La kwanza, Agosti joto likoje, kwa sababu yeye hajawahi kulala bila blanketi tangu azaliwe. La pili, ana kitenge alichotunzwa siku ya harusi yetu, mwaka wa tano huu kiko sandukuni, kwa sababu fundi wa hapa kila kitu anakishona kama joho la kwaya. Anaomba akija akuletee. Au atume vipimo kabisa?

Mama Cherehani:

Mwambie wifi yangu Agosti ni nafuu, usiku feni inatosha, huenda asiihitaji kabisa. Januari ndio mtapajua mjini. Blanketi moja aje nalo hata hivyo, la kuwatandikia wageni, maana siku mkipata chumba Dar, Njombe yote itakuwa na safari ya hospitali na itafikia kwenu.

Kitenge alete. Ashuke Mapipa, aulize baraza la vitumbua, hata mtoto wa chekechea atamfikisha. Ila awahi kabla ya Alhamisi, Ijumaa nina sare ishirini za watu wa Kigogo na kila mmoja anataka ya mwenzake iharibike. Na kama kuna viazi vya kwenu, debe moja hatulikatai, Mama Vitumbua naye ana macho.

Vipimo atume sasa hivi nipate kuwaza mshono. Bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, na urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu. Na asijipime juu ya sweta.